Kisima kisicho na seli: kisa cha dondoo ya upupu katika maabara moja ya Nairobi

Kuhusu kisa hiki

Haya yalitokea katika maabara ya seli jijini Nairobi. Nimeondoa jina la taasisi, la mfadhili, la mkutano na la kila mhusika, na mwaka pia sikuutaja. Upupu nimeuacha kwa jina lake kwa sababu maabara nyingi zinaufanyia utafiti, kwa hiyo kuutaja hakumwaniki mtu. Mimi nilikuwa mmoja wa kikundi. Mchoro wa sahani ya majaribio ulioleta matatizo niliupitisha mimi, kwa sahihi yangu, kwa hiyo msomaji asidhani nasimulia makosa ya jirani.

Usuli

Wanaovua kwenye mito na mabwawa ya Afrika Mashariki wanaujua utupa. Majani yake yakipondwa na kumwagwa majini, samaki huibuka juu wakiwa wamelegea, mtu akawaokota kwa mkono. Miongoni mwa kemikali zinazowalegeza ni rotenoni. Ikiingia ndani ya seli, rotenoni huziba kituo cha kwanza cha mnyororo wa elektroni katika mitokondria, vinu vya nguvu vya seli, na seli ikaishiwa nguvu.

Kituo hicho ndicho kilichowafanya watafiti wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta mtetemo na kukakamaa, waipende sumu hii. Mwaka 1982, huko California, watu kadhaa waliojidunga heroini bandia yenye kemikali iitwayo MPTP walikakamaa mwili kama wazee walioishi na Parkinson miaka mingi. Ikifika kwenye ubongo, MPTP hugeuzwa kuwa MPP+, nayo huziba kituo kile kile. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba panya wanaotiwa rotenoni kidogo kidogo kwa muda mrefu hupoteza seli za neva zinazotengeneza dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia kuongoza mwendo wa mwili, na ndani ya seli zinazobaki huonekana mabonge yenye protini ya alfa-sinukleini, yanayofanana na yale ya mgonjwa. Tangu hapo, anayetaka kuigiza Parkinson ndani ya sahani hana haja ya kutafuta mbali.

Upupu ni upande wa pili wa hadithi. Mbegu zake zina levodopa, malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Vienna, mwaka 1961, Birkmayer na Hornykiewicz waliripoti wagonjwa waliopata nafuu baada ya kudungwa levodopa, na mwaka 1967 Cotzias, Marekani, akaonyesha kwamba vipimo vikubwa vya kumeza vinaweza kuwainua watu waliokuwa hawatembei. Hadi leo ndiyo dawa kuu. Lakini levodopa hujaza pengo la dopamini tu, na seli zinazokufa huendelea kufa. Swali la kikundi chetu lilikuwa hilo: je, katika mbegu ya upupu kuna kitu kingine kinachoikinga seli isife?

Seli tulizotumia ni za ukoo wa SH-SY5Y. Chanzo chake ni uboho wa mtoto wa kike wa miaka minne aliyeugua saratani ya neva, uliochukuliwa mwaka 1970. Si niuroni (seli za neva) kamili, maana bado zinagawanyika, lakini zina baadhi ya mitambo ya kutengeneza dopamini, zinakua kwa urahisi, na bei yake tunaimudu.

Uhai wa seli tuliupima kwa MTT, njia iliyochapishwa na Mosmann mwaka 1983. MTT ni chumvi ya manjano. Seli hai huipa elektroni ikageuka formazani, rangi ya zambarau. Zambarau ikikolea unasema seli ni nyingi na zina afya, na ikififia unasema zimekufa. Njia ni rahisi na ya haraka, na kila mwanafunzi wa uzamili anaijua. Naomba msomaji aishike sentensi moja tu: MTT inapokea elektroni, wala haiulizi zimetoka kwa nani.

Yaliyotokea

Upupu ulitufikia ukiwa bado kwenye maganda. Mwanafunzi wetu wa uzamili alianza kuubambua bila glavu, na saa kumi jioni alikuwa bado ameweka mikono chini ya bomba akijikuna. Hiyo ndiyo shida pekee tuliyoipata miezi miwili ya kwanza.

Mbegu zilisagwa, zikalowekwa kwenye maji na ethanoli, zikachujwa, na kilichochujwa kikakaushwa kwa kugandishwa. Tukabaki na unga wa kahawia, ndiyo dondoo yetu. Kwenye sahani ya visima 96, yaani vishimo vidogo vya kukuzia seli, kila kisima kilipewa seli 10,000, zikaachwa usiku kucha zishike chini. Asubuhi tulitia dondoo kwa vipimo vitano, baada ya muda tukaongeza rotenoni, na siku ya pili MTT ikamiminwa juu ya vyote bila kuosha. Baada ya saa tatu tuliongeza sabuni ya SDS yenye asidi kidogo ili kuyeyusha formazani, sahani ikalala, na asubuhi ikasomwa kwenye mwanga wa nanomita 570.

Safu ya 12 ndiyo ilikuwa tupu yetu, yaani lishe na MTT bila seli wala dondoo. Usomaji wake tuliuondoa kwenye visima vyote vingine. Kila kitabu cha mazoezi hufundisha hivyo, na nilipouona mchoro sikusita kutia sahihi.

Sahani ya kwanza ilisomeka vizuri mno. Rotenoni peke yake ilikuwa imeshusha usomaji chini ya nusu, na kadiri dondoo ilivyoongezeka ndivyo usomaji ulivyopanda, kwa ngazi nzuri ya kuchora kwenye bango la mkutano. Tulirudia wiki iliyofuata, kisha tena, kila mara na seli mpya. Ngazi ilikuwa ile ile. Katika kipimo cha juu kabisa, seli zilizopewa sumu pamoja na dondoo zilisomeka "hai" kuliko zile ambazo hazikuguswa na kitu chochote. Mkuu wa kikundi alicheka akasema upupu si dawa tu, unazizalisha. Sote tulicheka. Ikisiri ikatumwa kwenye mkutano.

Kisha stima ikapotea usiku mmoja, jenereta ikachelewa kushika, na inkubeta ikapoa. Tulipoteza karibu seli zote zilizokuwa zikikua, tukalazimika kuyeyusha chupa nyingine kutoka kwenye naitrojeni ya maji. Seli zilizoyeyushwa huanza kwa kusuasua. Mwanafunzi, mwenye ratiba ya tasnifu mgongoni, hakutaka kuzisubiri zijae. Alizipanda zilivyo, na zikamwishia kabla ya safu ya 11. Akaandika kwenye daftari kwa kalamu nyekundu: *safu 11, hakuna seli*. Lakini mkono ulishazoea njia. Dondoo ikaingia safu ya 11 kama kawaida, na MTT pia.

Asubuhi safu ya 11 ilikuwa zambarau.

Haikuwa ya kufifia. Ukiiweka sahani juu ya karatasi nyeupe ungeona visima vinane vilivyokolea kama zambarau iliyoiva, na pembeni yake safu ya 12 ikiwa manjano, kama chai ya rangi iliyomwagwa maji. Mwanafunzi aliibeba hadi ofisini kwa mkuu bila hata kuifunika.

"Prof, safu ya kumi na moja haikupata seli. Lakini iangalie."

"Umechanganya safu."

"Sikuchanganya, Prof. Niliandika."

"Basi pipeti ilivuja. Rudia sahani nzima."

Fundi wetu wa maabara, ambaye wote humwita Mzee ingawa hajafika miaka hamsini, alikuwa mlangoni na trei ya vibao. Akasema: "Arudie, Prof. Lakini arudie na hiyo safu ikiwa tupu vile vile."

Maamuzi na sababu zake

Mkuu alikubali, na kwa haki yake niseme hakubishana. Jaribio lenyewe lilichukua chini ya saa nne na halikuhitaji seli hata moja: vipimo vitano vya dondoo, lishe, MTT, na simu iliyofungwa juu ya sahani kupiga picha kila dakika 15. Kisima cha dondoo nyingi kilianza kubadilika kabla ya picha ya pili. Mwishoni tulikuwa na ngazi ile ile ya bango letu, safari hii bila kiumbe hai ndani ya sahani.

Sababu si fumbo kwa mwanakemia. Levodopa ni katekoli, na mbegu ina polifenoli nyingine pia. Zote hutoa elektroni kwa urahisi, na MTT huzipokea. Kwa kuwa hatukuwa tumeosha visima, kila tone la dondoo lilikuwepo siku tulipotia MTT. Tulikuwa tunapima upupu kwa kutumia upupu.

Uamuzi wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Zilibaki wiki tatu kabla ya mkutano, na ikisiri ilikuwa imekubaliwa. Mmoja wetu alitaka tuende na bango tukalieleza kwa tahadhari, kwa hoja kwamba huenda sehemu ya kinga ni ya kweli. Mimi mwenyewe niliyumba siku mbili. Kilichomaliza ubishi ni folda ya picha. Tangu sahani ya kwanza mwanafunzi alikuwa akipiga picha za kila kisima kwa hadubini kabla ya kutia MTT, kwa sababu Mzee alimwambia afanye hivyo, na hakuna aliyewahi kuzifungua. Tulizifungua sasa. Katika visima vya dondoo nyingi na rotenoni, vile vilivyosomeka "hai" kuliko vyote, seli zilikuwa zimejikunja kama punje za mtama na nyingi zilikuwa zinaelea. Ikisiri iliondolewa siku iliyofuata kwa barua ya mistari minne iliyotaja sababu bila kuipamba.

Uamuzi wa tatu ulikuwa tupime kwa njia gani sasa. Wengi tulitaja LDH, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye seli iliyopasuka. Oda ilishaandikwa na bajeti kukatwa. Mzee aliomba kwanza asome karatasi ya maelekezo, akarudi akiwa ameiwekea kidole kwenye mstari mmoja: rangi ya kifurushi kile ilikuwa INT, chumvi ya tetrazoliamu, ndugu wa MTT. Tungelipa maelfu ya shilingi, tungesubiri forodha wiki kadhaa, kisha tungedanganywa na upupu ule ule kwa rangi nyekundu badala ya zambarau. Oda ikafutwa.

Tukachagua njia za kizamani. Tuliosha visima mara mbili kwa maji ya chumvi yenye bafa kabla ya MTT, na kando ya hapo tukahesabu seli kwa rangi ya buluu ya tripani na kwa propidiamu iodidi, ambazo huingia tu kwenye seli ambayo utando wake umeharibika. Aliyehesabu hakujua kisima ni cha nini. Mzee ndiye aliyebandika namba na kuifungia orodha kwenye droo yake. Kuhesabu kwa jicho kunachosha, na mwanafunzi alilalamika shingo hadi mwisho wa mwezi.

Matokeo

Baada ya kuosha, ngazi ilianguka. Visima vya rotenoni pamoja na dondoo vilisomeka karibu sawa na vya rotenoni peke yake. Hesabu ya seli haikuonyesha kinga yoyote katika vipimo vinne vya chini, na katika kipimo cha juu dondoo peke yake, bila sumu, iliua seli. Hilo nalo lina maelezo: katekoli ikikaa kwenye lishe hushikana na oksijeni, ikazaa peroksidi ya hidrojeni, na seli zikaoga humo.

Tuliipoteza miezi mitano hivi. Mwanafunzi alibadilisha kichwa cha tasnifu, ikawa juu ya mwingiliano wa dondoo za mimea na vipimo vya tetrazoliamu, na kwa maoni yangu ni tasnifu bora kuliko ile ya awali.

Niongeze jambo, kwa kuwa watu wameniuliza kama basi upupu ni bure. Kisa hiki hakisemi hivyo. Levodopa iliyomo kwenye mbegu ni levodopa kweli. Tulichopima sisi ni kama dondoo inaikinga seli dhidi ya rotenoni ndani ya sahani, na hilo ni swali tofauti na la mgonjwa kupata nafuu ya mtetemo. Wala kisa hiki si ruhusa ya mtu kusaga mbegu nyumbani, kwa sababu kiasi cha levodopa hutofautiana kati ya mbegu na mbegu, na daktari hawezi kurekebisha kipimo asichokijua.

Uchambuzi

Kosa letu la msingi halikuwa uvivu. Kwenye sahani ile tulikuwa na kila kidhibiti cha kutulinda dhidi ya matokeo mabaya. Tulikuwa na seli zisizoguswa, ili kujua kama zinakufa zenyewe. Tulikuwa na kisima cha ethanoli peke yake, ili kujua kama kiyeyushi ndicho kinachoua, na cha rotenoni peke yake. Vyote vinauliza swali moja: kama usomaji umeshuka, ni nani mwingine anaweza kuwa ameushusha? Hakuna hata kimoja kilichouliza nani mwingine anaweza kuupandisha. Kisima cha dondoo bila seli kingegharimu safu moja, na hakikuwepo kwa sababu hatukutarajia kuwa na ugomvi na matokeo mazuri.

Ndiyo maana pia tuliupita usomaji uliozidi asilimia 100 ya ule wa seli zisizoguswa. Kama seli zisizoguswa zingesomeka chini ya zile zenye sumu bila dondoo, tungesimamisha kazi saa ile ile. Zilipopitwa na zile zenye dawa yetu, tulifanya mzaha. Kwa seli iliyonyimwa nguvu na rotenoni kuzaliana haraka kuliko jirani yake mwenye afya kunahitaji maelezo makubwa, na sisi tulitoa kicheko.

Kurudia mara tatu hakukutusaidia kitu. Kurudia huondoa bahati mbaya ya siku moja, lakini kosa lililojengwa ndani ya mchoro hurudi kila mara likiwa nadhifu zaidi, na mistari ya makosa kwenye grafu inazidi kuwa mifupi. Tuliiona mifupi tukajipongeza.

Lipo jambo jingine ambalo halikuwa chanzo lakini nadhani lilichochea, na ni la Nairobi hasa. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya bahari na shinikizo la hewa ni kama asilimia 80 ya lile la Mombasa. Mpishi wa githeri anajua, maana maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi na maharagwe yanachelewa. Inkubeta nayo inaathirika. Inayosema asilimia 5 ya kaboni dioksaidi hapa huipa lishe gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya pwani, kwa hiyo lishe inaegemea upande wa besi, kinyume cha asidi. Zaidi ya hapo, lishe yetu ya DMEM ilikuwa na gramu 3.7 za baikaboneti kwa lita, kiasi kilichopangwa kwa asilimia 10 ya gesi. Tulipochovya kipimo cha pH tulikuta karibu 7.7 badala ya 7.4. Rangi ya lishe ilikuwa ikituambia kila siku, ya waridi kali iliyoelekea zambarau, nasi tukadhani ndivyo ilivyo chupa ya kampuni hiyo. Katekoli huachia elektroni kwa haraka zaidi penye besi. Sasa tunatumia lishe yenye baikaboneti pungufu, na pH tunaipima ikiwa ndani ya sahani, si kwenye chupa.

Sukari pia. Lishe yetu ilikuwa na gramu 4.5 za glukosi kwa lita, na seli za aina hii zikishiba glukosi huweza kuishi kwa muda bila kutegemea sana mitokondria. Ukiwa na seli hiyo na sumu ya mitokondria, usomaji wa MTT ukishuka huwezi kusema kwa yakini kama seli imekufa au imepunguza tu kazi. Waliobobea hubadilisha glukosi kwa galaktosi, sukari nyingine, ili kuilazimisha seli itumie mitokondria. Sisi hatukufanya hivyo, na hata kama upupu usingeingilia rangi, hoja yetu ingekuwa na mguu mmoja.

Yaliyotuokoa yalikuwa madogo. La kwanza ni kalamu nyekundu: mwanafunzi aliandika kosa lake palepale, kabla hajajua kama lina maana. Angeificha safu ya 11, au angeijaza seli kesho yake bila kusema, tungelipeleka bango. La pili ni picha zilizopigwa kila mara hata pasipo mtu wa kuzitazama. Nalitaja kwa aibu kiasi, maana kupiga picha bila kuzifungua ni kazi nusu, lakini zilikuwepo siku tulipozihitaji, zikiwa na tarehe. La tatu ni kwamba fundi wa maabara aliweza kumwambia mkuu neno akiwa mlangoni na likasikilizwa. Nimefanya kazi kwingine ambako Mzee asingefungua mdomo.

Fomu yetu ya mchoro wa sahani ina kisanduku kipya sasa, cha dondoo bila seli, na pasipojazwa sitii sahihi. Galaktosi imeagizwa na ingali forodha. Ikifika tutarudia rotenoni peke yake kwanza, bila upupu, kuona kama seli zetu zilikuwa zinakufa kweli tangu mwanzo.